Sakafu ya Peugeot, chumvi ya Katwe na pipa la mafuta

Zamu hii ni ya historia, na wengi mlitegemea tutaandika tena juu ya mpaka au wafalme. Hapana. Leo tunaandika juu ya sakafu ya gari. Msicheke kwanza. Hiyo sakafu ilitunyima usingizi wiki mbili, na katika kuitengeneza tulijifunza habari za Kasese na za kwetu Kongo ambazo darasani hatukuwahi kuzisikia.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu ya nyuma kama chumba, yenye viti vya safu tatu. Ni ya mzee mmoja wa huku Bwera. Wale wadogo kati yetu hawakuwahi kuiona ikitembea, ila wazazi wetu wanaijua vizuri. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na kabla ya hizi basi ndogo za Kijapani kujaa barabarani, ndiyo iliyokuwa teksi ya safari ndefu Uganda, Kenya na hata Kongo. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee wanataja miaka hiyo kama vile walikuwa ndani ya gari. Kule Kaduna, Nigeria, waliendelea kuiunganisha mpaka miaka ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walishaiacha.

Mzee alikuwa akibeba abiria na samaki wa chumvi kutoka Katwe. Abiria mbele, samaki nyuma. Baadaye gari likakaa chini ya mwembe miaka mingi. Siku tulipotoa viti na zulia, mwenzetu mmoja aliweka mguu kwenye sakafu upande wa dereva, mguu ukashuka mpaka chini ukagusa nyasi. Chuma kilikuwa kimekuwa kama majani makavu ya chai.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kutu. Lakini kutu ya Kasese ina historia yake.

Tuanze na chumvi. Ziwa Katwe ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano, karibu na Ziwa Edward, na watu wamechimba chumvi pale tangu zamani sana. Chumvi ile ilitembea kwa mitumbwi na vichwani, ikavuka kuingia Kongo wakati bado hakuna kitu kinaitwa Kongo wala Uganda. Falme ziliipigania. Bunyoro na Toro walinyang'anyana ziwa lile, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard alipofika na askari wake, moja ya mambo ya kwanza aliyofanya ni kujenga boma palepale Katwe na kuliita Fort George. Haraka hiyo haikuwa ya kutazama mandhari. Aliyeshika chumvi alishika biashara ya eneo zima.

Sasa, chumvi na chuma si marafiki. Maji peke yake huleta kutu polepole. Maji ya chumvi hupitisha umeme kirahisi zaidi, na kutu kwa undani wake ni kazi ya umeme mdogomdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Kwa hiyo panapoingia chumvi, kazi inaenda mbio. Halafu chumvi ina tabia nyingine mbaya, inavuta unyevu wa hewa. Samaki wakishashushwa, sakafu inabaki na unyevu chini ya zulia hata jua likiwaka wiki nzima. Mzee alikuwa akiosha gari kwa nje kila Jumamosi, linang'aa. Chini ya zulia hakuna aliyeangalia.

Mkidhani ni magari ya watu maskini tu yanayoliwa na chumvi hiyo, nendeni Katwe mkaone kile kiwanda. Miaka ya 1970 serikali ilileta wahandisi wa Kijerumani wajenge kiwanda cha kusafisha chumvi ya ziwa. Mitambo ikafika, mabomba yakafungwa. Kilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maji ya ziwa yakatafuna mabomba ya kupashia joto, na kiwanda kikasimama baada ya muda mfupi tu. Majengo yapo mpaka leo, na wachimbaji wanaendelea kutoa chumvi kwa mikono kandokando yake. Fundi wetu akituambia habari hiyo anacheka mpaka anakohoa. Anasema, "Hao walikuwa na madigrii, watoto wangu. Nyinyi msione haya kwa Peugeot."

Kitu kingine kinachotafuna chuma huku ni maji ya mto. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukapita Kilembe kama umekasirika, ukarudi mwaka uliofuata, na tena mwaka 2020. Gari likishazama kwenye maji ya tope, watu hukausha injini na kushukuru Mungu. Tope lililoingia kwenye mikunjo ya bodi hubaki humo likifanya kazi yake kimyakimya.

Ila hapa Kasese ufundi wa chuma nao ulikuja na mgodi. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese kwa sababu moja tu, shaba ya Kilembe. Shaba ilichimbwa na kampuni ya Wakanada, ikapakiwa kwenye treni, ikaenda kuyeyushwa Jinja, na kwa miaka mingi ilikuwa moja ya vitu vikubwa Uganda ilivyouza nje, ikizifuata kahawa na pamba. Mji wa Kasese wenyewe ulikua kando ya stesheni. Mgodi hauwezi kuishi bila karakana, maana vitoroli vinavunjika, pampu zinatoboka, magari yanaliwa na maji ya mgodini ambayo yana asidi. Kwa hiyo palikuwa na watu waliojua kukata, kukunja na kuchomelea. Fundi aliyetufundisha sisi alifundishwa na mtu aliyefanya kazi Kilembe. Shaba ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadaye treni nayo ikanyamaza. Mikono ya wale watu haikusimama. Iliingia mjini, ikafungua vibanda.

Sasa tufike pale ambapo historia yenu na yetu inakutana.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Aliita vita vya uchumi. Maduka mengi ya vipuri na magereji mengi yalikuwa mikononi mwao. Yaligawiwa watu wengine, na baada ya muda rafu zikawa tupu. Ukihitaji mlango wa Peugeot, hakuna. Ukihitaji bamba jipya la chuma, nalo hakuna, labda kwa magendo, na bei ya magendo ilikuwa bei ya kukufilisi. Ng'ambo ya mto Lubiriha, hatua chache kutoka hapa Mpondwe, Mobutu naye tarehe 30 Novemba 1973 akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakuwa mikononi mwa Wazaire. Wagiriki, Wabelgiji na wengine waliokuwa wakiuza magari na vipuri huko kwetu wakaondoka, na maduka yakafa vilevile. Marais wawili, mwaka mmoja na kidogo kati yao, na matokeo yanafanana kama mapacha.

Babu ya mwenzetu mmoja alikuwa fundi bodi Butembo nyakati hizo. Tulipomweleza fundi wetu wa Bwera jinsi huyo babu alivyofanya kazi, akatukatiza, akamalizia hadithi mwenyewe. Walifanya kitu kilekile bila kuonana. Walichukua pipa la mafuta.

Pipa la lita 200 ni zawadi kwa fundi bodi. Chuma chake kina unene wa karibu milimita moja, ambao ndio unene wa sakafu za magari mengi ya aina ile. Ukilikata vifuniko vya juu na chini, ukalipasua ubavuni na kulinyoosha, unapata bamba la kama mita 1.8 kwa sentimita 88. Sakafu ya upande mmoja wa Peugeot inatoka humo na kinabaki kipande cha kutengenezea karai. Bati la nyumba haliwezi kazi hiyo. Geji 30 ina kama milimita 0.3 tu, utaona kiti kinacheza na siku ya breki kali kinaondoka na mtu wake. Tumeona magari yanatembea hivyo, bati la nyumba limepigiliwa ripiti na kupakwa lami juu. Abiria hajui amekalia nini.

Ila pipa linaua pia. Hata likionekana tupu, mvuke wa petroli unabaki ndani, na mtu akiliwekea moto wa kukatia linalipuka. Wazee walilikata kwa tindo na nyundo, baridi, baada ya kuliosha kwa maji ya moto na sabuni, na wengine walilijaza maji mpaka karibu na pale wanapokata. Hili si la kufanyia haraka, jamani. Tafadhali msijaribu nyumbani kwa sababu mmesoma hapa.

Kwa upande wa Uganda kila mtu anaijua Katwe nyingine, ile ya Kampala, mtaa wa mafundi chuma, ambao wengi wa nje waliujua kwa filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016. Tunapenda kusema kwamba Uganda ina Katwe mbili, moja inaleta kutu na nyingine inaitibu. Mafundi wa kule walikuwa wakitengeneza vipuri kwa mikono vikaonekana kama vimetoka dukani. Watu wa Kampala husema "hii imetoka Katwe" kwa dharau kidogo, lakini nchi ilitembea juu ya vitu hivyo miaka mingi.

Basi turudi kwenye gari letu, na hapa inabidi tuseme ukweli ingawa unaaibisha.

Mzee alitupa kazi kwa sababu fundi alitusemea. Alitoa malipo ya awali, tukanunua bamba la geji 18, milimita 1.2, siku hizi linapatikana Kasese mjini bila kupasua pipa. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza ya kulipwa tangu kikundi kianze. Fundi akasafiri kwenda kwenye msiba, akatuambia, "Ondoeni viti, safisheni, mnisubiri." Sisi hatukusubiri. Tulitaka akirudi akute tumefika mbali.

Tukainua gari kwa jeki mbili katikati, tukawasha grinda, tukakata sakafu yote iliyooza pande zote mbili kwa siku moja, na kipande cha ukingo wa chini ya milango vilevile. Tulifurahi sana. Jioni mmoja wetu akajaribu kufunga mlango wa nyuma. Haukufunga. Tukajaribu wa mbele, ukafunga nusu, ukakwama.

Peugeot ile haina chasisi ya mihimili miwili kama lori au Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na sakafu na zile kingo za chini ya milango ndizo uti wa mgongo. Ukizikata bila kufunga kwanza nguzo za chuma kutoka fremu ya mlango hii mpaka ile, gari linakunjika kidogo kwa uzito wake. Sentimita moja inatosha. Hata Volkswagen zile za mviringo, ambazo sakafu yake inafunguka kwa boliti, ukikosea unaziharibu hivyohivyo.

Usiku ule hatukulala. Pesa haikuwa shida kubwa kuliko zote, ingawa pesa ya awali ilikuwa imeisha kwenye bamba. Tulichoogopa ni neno. Bwera ni mji mdogo. Tulijua kesho sokoni watasema "wakimbizi wameharibu gari la mzee", na neno kama hilo halimchagui mmoja, linatukalia wote, hata wale wanaouza mandazi na hawajawahi kushika grinda. Mmoja wetu alisema tumwambie mzee kwamba gari lilikuwa limeshakunjika tangu zamani. Tulibishana. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao tulikuelewa. Mwishoni wawili wakaenda kwa mzee asubuhi mapema kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Mzee alikuja na fimbo yake, akazunguka gari mara mbili. Akauliza, "Mmekata lote?" Tukasema, "Ndiyo, Baba." Akakaa kwenye jiwe. Akasema tu kwamba fundi wetu naye aliwahi kulikata gari la padri likakunjika, zamani, na kwamba tumngoje.

Fundi aliporudi hakupiga kelele. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele. Alisogeza jeki, akaweka magogo sehemu nne chini ya mihimili iliyobaki, akainua kidogokidogo, nukta ya kamba, akipima kwa fimbo kutoka pembe ya mlango hadi pembe ya pili, kisha pembe zile nyingine, mpaka vipimo viwili vikalingana. Milango ikafunga. Ndipo akachomelea vyuma vya kona katika kila fremu ya mlango, kama msalaba, akasema, "Hii ndiyo siku ya kwanza. Zile nyingine hazikuwepo."

Baada ya hapo tulienda kwa utaratibu wake. Kielelezo tulikata kwenye boksi za katoni, tukakilaza ndani ya gari, tukakikata upya mara nne mpaka kikakaa bila kusukumwa. Ndipo tukachora kwenye bamba. Tuliacha sentimita mbili za ziada pande zote za kupandia juu ya chuma kizima. Sakafu ya kiwandani ina mifereji iliyobonyezwa, na sisi tulidhani ni mapambo. Kumbe bila mifereji bamba bapa hupiga kelele kama ngoma na hulegea. Kiwanda kina mashine kubwa ya kubonyeza. Sisi tulikuwa na gogo la mti mgumu lililochongwa mfereji, kipande cha bomba, na nyundo. Unalaza bamba juu ya gogo, bomba juu ya bamba, unapiga ukitembea, mara moja nyepesi, mara ya pili zaidi, mara ya tatu. Ukipiga kwa nguvu tangu mwanzo, bamba linajikunja pembeni na huwezi kulirudisha. Wazee wa enzi ya pipa walikuwa na ujanja hapa. Pipa lina mapete mawili yaliyovimba kulizunguka, na badala ya kuyanyoosha waliyaacha yawe ndiyo mifereji ya sakafu.

Mikunjo ya pembeni tulipiga juu ya chuma cha pembe kilichofungwa kwenye benchi. Tulitoboa matundu kila baada ya sentimita tatu au nne kwenye ule ukingo wa ziada, tukachomelea kupitia matundu hayo. Usivute mstari mrefu wa moto kwa mara moja, maana joto linavuta bamba na linajipinda kama chapati. Unaweka nukta huku, unahamia upande wa pili, unaacha ipoe. Ni kazi ya kuchosha na haipendezi kutazama. Kwa hiyo mafunzo mengi huiruka.

Na hapo tuwaambie kitu nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana tunajua mnasoma. Vijana wengi huku na kambini Kyaka na Rwamwanja wamepewa mafunzo ya kuchomelea, na tunashukuru. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, si kila nchi iko hivyo. Lakini mafunzo ni ya madirisha na milango ya chuma. Kila kijana anatoka na dirisha. Mji una madirisha ya kutosha. Magari ya zamani, kwa upande mwingine, hayaishi, hasa tangu mwaka 2018 Uganda ilipokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Gari lililopo lazima lishonwe. Kifurushi cha mhitimu kina mashine ya kuchomelea na miwani, ila hakina mkasi wa bati, nyundo ya bodi wala bamba moja la kuanzia. Tena kuna wazee kama fundi wetu ambao wamebeba kazi hii mikononi tangu wakati wa Amin, na hakuna shirika lililowahi kuwaita kufundisha kwa sababu hawana cheti. Babu wa Butembo alikuwa nacho, cha Kifaransa. Kilibaki kwenye nyumba iliyoungua.

Tulimalizia kwa kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu na chini, tukaziba maungio, na chini kabisa tukapaka lami. Fundi alikagua kwa kugonga na bisibisi kila sehemu, akisikiliza sauti. Sehemu mbili alizikataa. Tukazirudia. Viti vilirudi na boliti mpya, na pale mikanda inaposhikwa tuliweka vipande vya chuma kinene kwa chini.

Mzee alimalizia malipo kidogokidogo, mengine kwa maharage. Siku ya kwanza gari kutembea alilipeleka Katwe, peke yake, hakukubali mtu kupanda. Alirudi jioni akipiga honi tangu barabara kuu. Tulikimbia wote, watoto nyuma yetu, tukafungua mlango wa nyuma kuangalia sakafu, na humo ndani tulikuta samaki wa chumvi, gunia zima, wanatoa maji juu ya zulia jipya. Fundi alishika kichwa. Mzee akasema, "Sasa nilitaka waende na nini, na pikipiki?" Tulishusha samaki, tukaosha kwa maji safi mpaka giza likaingia, na kesho yake tukamletea karatasi ya nailoni ya kutandika.